Sumu iliyofichika ndani ya tarakilishi na hatari yake kwa wakazi wa Mto Tana

MTO Tana unapofika Garsen huwa umekaribia mwisho wa safari yake ya takriban kilomita 1,000. Maji yaliyoanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, yakazungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yakapita Garissa na Hola, hapa ndipo yanapoanza kutawanyika katika delta kabla ya kumwagika katika Bahari Hindi huko Kipini.

Barabara nayo ina safari yake. Kwa njia itokayo Mombasa na Malindi, bidhaa za kila aina huingia Garsen: unga, saruji, simu za mkononi, runinga na tarakilishi.

Unga huliwa ukaisha na saruji hugeuka nyumba. Tarakilishi huharibika, na ikishaharibika ni nadra kupata lori la kuirudisha ilikotoka. Mara nyingi vifaa vya namna hiyo huishia katika stoo ya shule, nyuma ya kibanda cha fundi au katika shimo la taka linalowashwa moto jioni.

Basi swali linalofaa kuulizwa ni hili: ndani ya chombo hicho mna nini, na ni nani aliyeamua kukitia humo?

Mtu akiitazama tarakilishi juu ya meza haoni chochote cha kuogofya. Haitoi moshi wala harufu, na haimdhuru mtoto anayeandikia insha yake. Kwa hakika, kifaa kizima kinachotumiwa vizuri hakina hatari kubwa kwa mwenye kukitumia. Hatari huanza kinapovunjwa, kinapochomwa au kinapotupwa mahali penye maji.

Vitu sita vya kuhofiwa

Kwa miaka mingi vipande vya ndani vya tarakilishi viliunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi, yaani madini yale yale mazito yanayotumika katika betri za magari. Katika mchanganyiko uliozoeleka viwandani, risasi ilikuwa asilimia 37. Watengenezaji waliupenda kwa sababu huyeyuka upesi, kwa nyuzijoto 183, na hushika imara.

Risasi ilikuwa pia katika skrini zile kubwa za zamani zenye kichogo. Kioo chake kilitiwa madini hayo ili kumkinga mtazamaji dhidi ya miale ya eksirei iliyozalishwa ndani yake, na skrini moja iliweza kubeba kilo moja au zaidi.

Skrini bapa zilizofuata, kabla ya taa ndogo za LED kuenea, zilimulikwa kwa vijiti vyembamba vya taa vyenye zebaki. Kadimiamu ilitumika katika betri za zamani za kuchajiwa na katika rangi za plastiki. Kromiamu ya aina ya sita ilipakwa kwenye vyuma visishike kutu. Mwisho ni kemikali mbili za jamii ya bromini, zinazojulikana kwa vifupisho PBB na PBDE, ambazo zilichanganywa katika plastiki ili isiwake moto kwa urahisi.

Ikumbukwe kwamba hakuna kimojawapo kilichotiwa kwa nia mbaya. Kila kimoja kilikuwa na kazi ya maana: kuunganisha, kumulika, kuzuia kutu, kuzuia moto. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, kwani kukiondoa kitu chenye manufaa hakuna budi kutafuta kingine cha kuifanya kazi hiyo hiyo.

Madhara kwa mwili

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa mwili wa mtoto hunyonya risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima.

Madini hayo yakishaingia mwilini huhifadhiwa katika meno na mifupa. Mama mjamzito anaweza kumrithisha mtoto aliye tumboni risasi aliyoibeba kwa miaka mingi. Mtoto aliyeathirika huenda asionyeshe dalili yoyote ya ugonjwa, lakini akawa mzito wa kujifunza na mwepesi wa kukasirika, na mzazi akadhani ndiyo tabia yake.

Zebaki hudhuru ubongo na neva. Katika matope ya vinamasi, vijidudu visivyoonekana kwa macho huweza kuibadilisha ikawa zebaki ya aina nyingine inayoingia katika samaki, na kadiri samaki mkubwa anavyowala wadogo ndivyo inavyozidi kujikusanya mwilini mwake. Kadimiamu huharibu figo na mifupa. Kadimiamu hiyo na kromiamu ya aina ya sita zimeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Kemikali za bromini nazo huvuruga homoni na ukuaji wa ubongo wa mtoto.

Moto hauviondoi vitu hivyo, huvitawanya. Anayechoma nyaya ili apate shaba iliyo ndani huiunguza plastiki yake, na moshi wa plastiki hiyo hubeba sumu kali ziitwazo dioksini. Risasi haiteketei kwa moto wa shimo la taka. Hubaki katika majivu, na majivu hupeperushwa na upepo au kusombwa na mvua.

Ni haki kusema pia kwamba tarakilishi moja haiwezi kuutia sumu mto mzima. Hofu ni mrundiko: kifaa juu ya kifaa, mwaka baada ya mwaka, katika mahali pasipo na njia ya kuviondoa.

Sheria iliyoanzia Ulaya

Njia ya kwanza ya kupambana na balaa hili si kusafisha jaa bali ni kuizuia sumu isiingie kiwandani. Muungano wa Ulaya uliichukua njia hiyo mnamo Januari 2003 ulipopitisha sheria ijulikanayo kwa kifupi kama RoHS, iliyoanza kutekelezwa Julai 1, 2006.

Sheria hiyo iliweka kikomo kwa vitu sita vilivyotajwa hapo juu. Risasi, zebaki, kromiamu ya aina ya sita, PBB na PBDE havikuruhusiwa kuzidi asilimia 0.1 ya uzito, na kadimiamu asilimia 0.01. Uzito unaopimwa si wa tarakilishi nzima bali wa kila malighafi peke yake: lehemu mbali, plastiki mbali, rangi mbali. Hivyo mtengenezaji hakuweza kujificha nyuma ya uzito wa chombo kizima.

Watengenezaji walikuwa wamekwisha kuonja makali ya jambo hili. Mwishoni mwa 2001, maafisa wa Uholanzi waliizuia shehena ya mashine za michezo za PlayStation zipatazo milioni 1.3 za kampuni ya Sony, baada ya nyaya zake kupatikana na kadimiamu kupita kiasi. Waya mdogo uliisimamisha biashara ya mamilioni.

Kwa kuwa ni gharama kubwa kutengeneza tarakilishi za aina mbili, moja ya Ulaya na nyingine ya kwingineko, makampuni makubwa yalibadilisha utengenezaji wao kwa jumla. Jimbo la California na nchi ya Uchina zilitunga masharti yao yaliyoanza kutumika mwaka wa 2007. Lehemu mpya iliyoenea ni ya bati, fedha kidogo na shaba, nayo huhitaji joto kali zaidi, nyuzi 217 hivi.

Mwaka wa 2011 sheria hiyo iliandikwa upya, na tangu Julai 2019 kemikali nyingine nne zinazotumika kulainisha plastiki ziliongezwa katika orodha ya vifaa vingi, zikawa kumi.

Kwa namna hiyo, uamuzi uliofanywa Brussels umemfikia mwanafunzi wa Garsen bila yeye kujua. Kipatakalishi kipya cha kampuni inayotambulika kinachouzwa leo kina sumu kidogo kuliko kile kilichouzwa mwaka wa 2000.

Mahali sheria isipofika

Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kwamba kazi imekwisha.

Kwanza, sheria hiyo ilikuwa na misamaha. Risasi iliyo katika kioo cha skrini za kichogo iliruhusiwa kwa kuwa hapakuwa na mbadala, na miligramu chache za zebaki katika taa za skrini bapa zikaruhusiwa vilevile.

Pili, sheria haikurudi nyuma. Vyombo vilivyotengenezwa kabla ya Julai 2006 vilibaki na kila kitu ndani yake. Vingi vya aina hiyo vilikuja Afrika vikiwa vimetumika, ama kwa kuuzwa ama kwa msaada. Msaada huo ulizifaa shule nyingi zisizo na uwezo, lakini kila aliyepokea chombo cha zamani alipokea pia jukumu la kukizika.

Tatu, betri hazimo katika sheria hiyo, kwani zina sheria yake. Katika kaunti ambayo vijiji vingi viko mbali na nyaya za umeme, kama ilivyo Tana River, betri za risasi zinazotunza umeme wa jua ni sehemu ya maisha. Betri moja ya aina hiyo hubeba risasi nyingi kuliko bodi za tarakilishi kadhaa.

Nne, lehemu yenye risasi ingali inauzwa madukani, na fundi anayetengeneza chombo kisicho na risasi anaweza kuirudisha humo bila kukusudia.

Funzo la Owino Uhuru

Anayetaka kujua gharama ya kupuuza risasi hana haja ya kwenda mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilianza kazi mwaka wa 2007 kando ya makazi ya watu, kikafungwa mwaka wa 2014. Wakazi, wakiwemo watoto, walipatikana na risasi katika damu yao.

Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa katika kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliongoza harakati za kudai haki na akatuzwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka wa 2015. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka wa 2023, lakini Mahakama ya Juu ikairejesha mnamo Desemba 2024.

Kiini cha kesi hiyo kilikuwa Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Toka kiwanda kufunguliwa hadi uamuzi huo wa mwisho ilipita miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa anakaribia utu uzima, na hakuna fedha ya kununua upya miaka yake ya kukua.

Kwa nini Garsen

Tana River haina kiwanda cha kuyeyusha risasi. Ina kitu kingine: mafuriko.

Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, ya 2018, ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliwahamisha maelfu ya watu katika bonde la mto huo. Maji yanapopanda hayachagui. Huingia shuleni, dukani na katika shimo la taka, yakabeba kilichomo na kukitandaza mashambani.

Mafuriko hayo hayo ndiyo yanayowalisha watu. Wapokomo hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe katika udongo unaoachwa na mto. Waorma na Wawardei huleta mifugo yao katika delta wakati wa kiangazi, malisho yanapokauka kwingineko. Wavuvi hutegemea kambare na samaki wengine wa mtoni, na karibu na Kipini hutega kamba.

Delta hiyo yenye zaidi ya hekta 160,000 iliorodheshwa mwaka wa 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Kinachoingia katika matope yake hakitoki upesi.

Ndiyo maana shimo la taka la Garsen si sawa na shimo la taka la mahali pakavu. Hapa udongo, maji, ng'ombe, samaki na mtu ni mnyororo mmoja.

Sheria za Kenya

Kenya ilijiunga mwaka wa 2000 na Mkataba wa Basel, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari kutoka nchi moja hadi nyingine. Mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Nairobi mwishoni mwa 2006 ulitoa azimio mahususi kuhusu taka za kielektroniki. Tangu Januari 1, 2025, taka zote za aina hiyo, ziwe hatari au zisiwe, haziwezi kusafirishwa hadi nchi nyingine bila idhini ya nchi inayozipokea.

Nchini, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa mwongozo kuhusu taka za kielektroniki mwaka wa 2010. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ikafuata mwaka wa 2022, na kanuni za kumbebesha mzalishaji na mwagizaji wa bidhaa jukumu la taka zake zikachapishwa mwaka wa 2024.

Suala la nani alipe si jepesi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza ushuru wa mazingira kwa bidhaa kadhaa, zikiwemo simu na tarakilishi, lakini mswada mzima uliondolewa Juni mwaka huo kufuatia maandamano. Mnunuzi anaogopa bei kupanda. Lakini taka isipolipiwa dukani hulipiwa hospitalini, na anayelipa huko si yule aliyefaidi.

Kulingana na makadirio ya Umoja wa Mataifa, Kenya ilizalisha takriban tani 51,000 za taka za kielektroniki mwaka wa 2019. Duniani kote zilizalishwa tani milioni 62 mwaka wa 2022, na ni asilimia 22.3 pekee zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Kuna pia vifaa vya shule. Tangu 2016 serikali ilisambaza zaidi ya tabuleti na vipatakalishi milioni 1 katika zaidi ya shule 20,000 za msingi za umma kote nchini. Betri za vifaa hivyo haziishi milele. Siku yake ya kuzikwa imefika au inakaribia, na shule ya Garsen iko mamia ya kilomita kutoka Nairobi, kilipo kituo cha WEEE Centre kilichochipuka kutoka kwa shirika la Computers for Schools Kenya na ambacho huvunjavunja taka hizo kwa njia salama.

La kufanya

Umbali huo ndio unaofanya mpango wa pamoja uhitajike. Chini ya Katiba, ukusanyaji na utupaji wa taka ni kazi ya serikali za kaunti. Shule moja haiwezi kukodi lori kwa ajili ya tarakilishi tano, lakini shule, zahanati na ofisi za kaunti nzima zinaweza kuvikusanya vifaa vyao mahali pamoja palipoinuka, pakavu na penye paa, kisha vikasafirishwa kwa mkupuo mmoja kabla ya msimu wa mvua.

Mnunuzi naye ana nguvu yake. Kabla ya kulipa au kupokea msaada, aulize chombo kilitengenezwa mwaka gani. Kilichotengenezwa baada ya 2006 kwa kampuni inayotambulika ni afadhali, na skrini ya LED ni bora kuliko ile yenye taa za zebaki. Alama ya herufi CE, ambayo tangu 2013 hujumuisha masharti ya RoHS kwa bidhaa zinazouzwa Ulaya, ni dalili njema, ingawa huweza kughushiwa.

Taasisi inayonunua vifaa vingi inaweza kudai katika mkataba kwamba muuzaji avichukue vikishaharibika. Anayepewa msaada anaweza kuuliza swali hilo hilo bila kuonekana mkosa shukrani.

Fundi anaweza kutumia lehemu isiyo na risasi anapoipata, na asipoipata anawe mikono kabla ya kula. Katika kazi yake risasi haiingii sana kwa moshi. Huingia kwa vidole vinavyoshika lehemu kisha vikashika mkate. Asifanyie kazi hiyo mahali wanapocheza watoto.

Kila mwananchi anaweza kujiepusha na mambo matatu: asichome nyaya, asivunje skrini, asitupe betri mtoni wala katika shimo la taka. Chombo kilichoharibika kikikaa kizima juu ya rafu hakina hatari kubwa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Risasi ikishaingia katika matope ya delta hakuna chujio la kuitoa, na mto hauna wa kumpelekea isipokuwa bahari. Penye nafuu ya kuizuia ni pale inapoingia: kiwandani, bandarini, dukani, na katika mlango wa stoo ya shule kabla mvua haijanyesha.